Kukarabati programu ya uhandisi au kuisakinisha upya: njia ipi inailinda kazi yako?

Programu ya uhandisi inapogoma kufunguka, mwenye kompyuta huwa na njia nne mbele yake, na njia hizo hazilingani kwa gharama wala kwa hatari. Ya kwanza ni kurudisha mipangilio ya programu katika hali ya awali bila kuigusa programu yenyewe. Ya pili ni kuikarabati programu pale pale ilipo. Ya tatu ni kuiondoa kabisa na kuisakinisha upya. Ya nne, ambayo kwa mafundi wengi wa kompyuta wa Mwanjelwa au Kihesa ndiyo inayotajwa kwanza, ni kupiga Windows upya. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wahandisi, wapima ardhi, mafundi sanifu na wanafunzi wa Mbeya, Iringa na Njombe ambao kazi zao zote zimo ndani ya kompyuta moja, na ambao kabla ya kuuliza programu itarudi lini huuliza kama mchoro wa daraja au wa mtandao wa mabomba utasalimika.

Nianze na msimamo wangu, kwa kuwa ulinganisho usio na msimamo haumsaidii anayetaka kuchagua. Mchoro wenyewe hupotea mara chache kuliko watu wanavyohofia, kwa sababu karibu programu zote za uhandisi huihifadhi kazi ya mtumiaji mbali na mahali zinapokaa zenyewe. Vinavyopotea ni vile vinavyouzunguka mchoro: hifadhidata ya vipimo, fonti, kiolezo cha karatasi chenye nembo ya halmashauri, mitindo ya kuchapia, maktaba ya alama, mfumo wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) uliotengenezwa kwa mkono, na leseni. Kwa hiyo njia inayofaa ni ile ndogo kuliko zote inayotosha kuliondoa tatizo lililopo, na asiyejua tatizo lake ni lipi aanze na njia nyepesi ndipo apande.

Ijulikane kwanza kilichoharibika

Muda mwingi hupotea pale mtu anapoishughulikia programu ilhali kilichoharibika ni faili moja tu. Namna ya kulitambua hilo ni rahisi: ianzishe programu bila kufungua mradi wowote, fungua mchoro mtupu, chora mistari michache, uhifadhi, kisha uufunge. Ikiwa mchoro mtupu haukuleta shida na ni mradi mmoja tu unaoiangusha programu, basi si kukarabati wala kusakinisha upya kutakakosaidia. Kwa watumiaji wa AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya uhandisi, na Civil 3D, ndugu yake ya barabara na upimaji, hapo ndipo amri ya RECOVER inapotumika kuufungua mchoro ulioharibika, ikifuatiwa na AUDIT ya kusahihisha kasoro zilizomo. Zikishindwa zote mbili, faili yenye kiendelezi (herufi za mwisho wa jina la faili) cha .bak iliyo kando ya mchoro hunakiliwa, nakala yake hupewa kiendelezi cha .dwg, na hapo huonekana mchoro ulivyokuwa kabla ya kuhifadhiwa mara ya mwisho. Zipo pia faili za .sv$, ambazo AutoCAD huziandika yenyewe kila baada ya dakika 10 iwapo mpangilio wa awali haujabadilishwa, na ambazo kwa kawaida hukaa katika folda ya Windows ya mambo ya muda iitwayo Temp. Nalisisitiza hili kwa sababu mafundi wengi, wakipokea kompyuta iliyo nzito, huanza kwa kuisafisha Temp, na katika kusafisha huko hufuta nakala pekee iliyobaki ya kazi ya mchana kutwa.

Msimu wa mvua wa Nyanda za Juu Kusini, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, huja na radi na kukatika kwa umeme, hasa upande wa Tukuyu ambako mvua ni nyingi zaidi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, ikizimika ghafla, kinachoharibika mara nyingi ni ile faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo. Inaweza kuwa mchoro, na inaweza vilevile kuwa faili ya mipangilio ambayo programu huisoma kila inapowashwa. Ndiyo maana kipimo cha pili ni kufungua akaunti mpya ya mtumiaji ndani ya Windows na kuianzisha programu kutoka humo. Kila akaunti huwa na mipangilio yake, kwa hiyo programu ikifanya kazi vizuri katika akaunti mpya huku ikiendelea kugoma katika ile ya zamani, programu ni nzima na mipangilio ndiyo mibovu. Kipimo hiki hakihitaji intaneti na hakigusi faili yoyote ya mradi, na bado ni wachache wanaokifanya kabla ya kuipeleka kompyuta kwa fundi.

Kipimo cha tatu ni kuusoma ujumbe unaotokea badala ya kuufunga haraka. Ujumbe unaotaja leseni si dalili ya programu kuharibika. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha nguvu, kompyuta huwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na leseni inayokaguliwa kwa tarehe hukataa papo hapo. Hapo panatakiwa betri mpya na saa iliyosahihishwa, basi. Vilevile leseni za kulipia kwa muda za Autodesk hutaka kompyuta iunganishwe na intaneti angalau mara moja katika kila siku 30, na mtu aliyepiga kambi kwenye mradi ulio ndani ya Makete au Ludewa bila mtandao wa kutegemewa anaweza kuikuta programu imejifunga ilhali haina kasoro. Na ikiwa programu inafunguka lakini skrini inaganda au kuwa nyeusi unapoizungusha modeli, mshukiwa wa kwanza ni kiendeshi cha kadi ya michoro. Katika AutoCAD, amri ya GRAPHICSCONFIG huwezesha kuizima kazi ya kadi hiyo kwa muda ili kuthibitisha.

Kurudisha mipangilio ya awali

Njia hii huchukua dakika chache, haitumii bando, haigusi leseni, na hasara yake inajulikana kabla: utapoteza mpangilio wa vitufe, amri za mkato na njia za folda ulizoziweka mwenyewe. AutoCAD ina chaguo lake la kufanya hivyo katika menyu ya Windows, ndani ya folda ya programu hiyo, na kabla ya kurudisha chochote hukuuliza kama unataka mipangilio yako itunzwe pembeni. Jibu liwe ndiyo, hata kama unaamini huihitaji. Kwa QGIS, programu ya ramani, jambo ni jepesi zaidi, kwa kuwa unaweza kuunda wasifu mpya wa mtumiaji na kuuacha wa zamani ulipo bila kuufuta. MATLAB, programu ya hesabu za kihandisi, haina kitufe cha ukarabati kama programu nyingine, kwa hiyo kubadilisha jina la folda yake ya mapendeleo ili iunde nyingine mpya ndicho kitu cha kujaribu kabla ya kufikiria kuiondoa. Kwa yeyote ambaye kipimo cha akaunti mpya kimemwonyesha kwamba mipangilio ndiyo yenye shida, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapa.

Kukarabati na kusakinisha upya, bega kwa bega

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, kwa hiyo inafaa kueleza kila njia inafanya nini hasa. Kukarabati, kupitia kitufe kilichoandikwa Repair katika orodha ya programu ya Windows, huziandika upya faili za programu zilizokosekana au zilizoharibika pamoja na kumbukumbu zake ndani ya rejista ya Windows, na kuviacha vingine vyote kama vilivyokuwa. Michoro haiguswi, leseni kwa kawaida hubaki, na fonti au vijiprogramu vya LISP ulivyoviongeza kwa mkono ndani ya folda ya programu havifutwi. Kusakinisha upya huanza na kuiondoa programu, na katika kuiondoa, folda yake iliyomo ndani ya Program Files huweza kusafishwa, hasa pale mabaki yanapofutwa kwa mkono. Kwa ofisi iliyojizoesha kuweka fonti zake za .shx katika folda ya Fonts ya AutoCAD, tofauti hiyo si ndogo: fonti hizo zikipotea, siku ya kufungua mchoro wa zamani, maandishi yote yatakuwa na umbo jingine, vipimo vitavuka mipaka ya majedwali, na mchoro uliokwisha kusainiwa hautalingana tena na ule unaochapwa.

Udhaifu wa kukarabati unajitokeza mahali watu wengi wasipopatarajia, nao ni kwamba kazi hiyo huweza kuhitaji faili za usakinishaji wa awali. Windows hutunza sehemu ndogo tu ya kisakinishi katika folda yake iliyofichwa, na faili nyingine huzitafuta pale zilipokuwa siku ya kwanza. Kwa programu nyingi za Autodesk mahali hapo ni folda iitwayo Autodesk kwenye diski ya C, ambayo kwa kuwa ina gigabaiti nyingi huwa ya kwanza kufutwa na mtu anayetafuta nafasi. Aliyeifuta ataombwa aonyeshe kisakinishi kilipo, na asipokuwa nacho ukarabati utaishia hapo. Hali huwa mbaya zaidi kwa aliyefuta yaliyomo kwenye folda ya Installer iliyo ndani ya Windows, kwa sababu huyo hawezi kukarabati wala kuondoa kwa njia ya kawaida, na hulazimika kutumia kifaa cha Microsoft cha kurekebisha matatizo ya usakinishaji kabla ya kuendelea na lolote.

Udhaifu wa pili ni kwamba ukarabati hauangalii nje ya programu. Programu hizi hutegemea vipande vya Microsoft, kama .NET na maktaba za Visual C++, na kimoja kikiharibika, programu huanguka ingawa faili zake zenyewe ni nzima. Kabla ya kuamua kuiondoa, inafaa kuziendesha amri mbili za Windows kwa mamlaka ya msimamizi: DISM yenye chaguo la RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Ya kwanza kwa kawaida hutaka intaneti, ya pili haitaki. Programu ya kuzuia virusi nayo iangaliwe, kwa kuwa wakati mwingine huikamata faili halali ya programu na kuiweka karantini, na hata ukikarabati, faili hiyo itarudishwa na kukamatwa tena.

Kwa upande wake, kusakinisha upya kuna faida moja isiyopatikana kwa ukarabati, nayo ni kuanza na msingi unaojulikana. Ikiwa sasisho lilikatika katikati kwa sababu bando liliisha au umeme ulikatika, programu hubaki nusu ya toleo la zamani na nusu ya jipya, na ukarabati huweza kukosa pa kushika. Katika hali hiyo, na hiyo peke yake, mimi ningeruka ukarabati na kwenda moja kwa moja kwenye kuondoa. Katika hali nyingine ningekarabati mara moja, ningeiwasha kompyuta upya, na tatizo likibaki lile lile nisingekarabati mara ya pili, kwa kuwa sijaona sababu ya ukarabati wa pili kufaulu pale wa kwanza uliposhindwa huku kila kitu kikiwa vile vile.

Hatari ya kusakinisha upya haipo sana katika kule kuondoa. Ipo katika kile watu wanachokiita usafi, yaani kufuta kwa mkono mabaki yaliyoachwa ndani ya AppData na ProgramData, folda zilizofichwa ambamo programu hutunza mipangilio yake, na folda za pamoja za watumiaji wote. Ni kweli kwamba mabaki mabovu yakiachwa, programu mpya huyachukua na kuugua ugonjwa wa ile ya kwanza. Lakini ni katika mabaki hayo hayo ambamo humo faili za .ctb za mitindo ya kuchapia, faili za .pc3 za mashine za kuchapia, violezo vya .dwt na menyu ya .cuix. Kwa watumiaji wa Civil 3D kuna zaidi: hifadhidata za upimaji na viunganishi vya data kati ya michoro, visipoelekezwa kwingine, hukaa katika folda ya Civil 3D Projects iliyo ndani ya nyaraka za pamoja za diski ya C, au moja kwa moja juu ya diski hiyo katika matoleo ya zamani. Mtu anaweza kunakili faili zake zote za .dwg kwa uangalifu, akaisahau folda hiyo, na akafika mwisho akiwa na mchoro wa barabara usiojua tena uso wa ardhi ulitoka wapi. Kanuni ninayoipendekeza ni kutofuta mabaki bali kuyabadilisha majina: folda iliyokuwa na jina la programu iongezewe neno "zamani" mwishoni, programu mpya itaunda ya kwake, na baada ya hapo utachukua kutoka ya zamani kile tu unachokihitaji.

Kuhusu leseni, kukarabati hushinda bila ubishi. Leseni inayofunguliwa kwa kuingia kwenye akaunti, kama zilivyo nyingi za Autodesk siku hizi, hurudi mara tu unapoingia tena baada ya kusakinisha, mradi nenosiri lipo na mtandao upo. Leseni iliyofungwa kwenye kompyuta moja ni habari nyingine: SolidWorks, programu ya kusanifu vipuri vya mashine, kwa mfano, hutaka leseni irejeshwe kwa mtengenezaji kabla ya programu kuondolewa, na asiyefanya hivyo huweza kukuta mfumo unaamini bado inatumika kwenye kompyuta ambayo haipo tena. Aliyetumia programu iliyovunjwa ulinzi wake afahamu kwamba njia zote mbili zitamwangusha, kwa sababu kukarabati huzirudisha faili halali mahali pa zile zilizochezewa. Kwa wanafunzi na wahadhiri, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya pale Iyunga, Autodesk hutoa leseni ya elimu bila malipo kwa mwaka mmoja unaohuishwa, iwapo mwombaji atathibitisha kwamba anasoma au anafundisha, na hiyo ni njia nyepesi kuliko kumtafuta mtu mwenye flashi.

Suala la toleo

Anayekarabati hubaki na toleo alilokuwa nalo. Anayesakinisha upya, asipokuwa na kisakinishi cha zamani, huishia kwenye toleo jipya zaidi, na hapo kuna mlango usiofunguka kwa ndani. Mradi wa Revit, programu ya kusanifu majengo, uliohifadhiwa katika toleo jipya haufunguki katika toleo la nyuma, na modeli za ETABS, programu ya kuchambua uimara wa majengo, ni vivyo hivyo. Kwa AutoCAD shida ni ndogo, kwa kuwa umbo la faili ya .dwg lililoanza na toleo la 2018 limeendelea kutumika katika matoleo mengi yaliyofuata, na unaweza pia kuhifadhi kwa umbo la zamani. Kama unashirikiana na mhandisi mshauri au ofisi ya serikali, uliza wanatumia toleo gani kabla ya kupakua. Wenye leseni ya kulipia ya Autodesk huruhusiwa kupakua pia matoleo matatu yaliyotangulia lile la sasa, kwa hiyo halazimiki mtu kuhama kwa sababu tu programu yake imeharibika.

Kupiga Windows upya

Njia hii inastahili kutumika pale Windows yenyewe inapokuwa imeoza, virusi vimeenea, au diski imebadilishwa. Kwa programu moja inayogoma, ni kubwa kupita kiasi, na inapendwa kwa sababu fundi hahitaji kujua lolote kuhusu Civil 3D ili kuifanya. Tatizo ni kwamba fundi asiyejua Civil 3D hajui pia kwamba folda yake ya hifadhidata ipo wapi; atanakili Desktop na Documents, atapiga Windows, na ataamini kwa moyo mweupe kwamba amekutunzia kila kitu.

Windows ina chaguo la kujirudisha upya huku ikibakiza faili zako. Chaguo hilo hubakiza nyaraka lakini huziondoa programu zote ulizosakinisha, pamoja na mipangilio yake, kwa hiyo lisichukuliwe kuwa aina ya ukarabati. Ikiwa Windows mpya imewekwa juu ya ya zamani bila kufomati, yaliyokuwemo huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, ambayo kwa kawaida hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Aliyegundua kwamba kuna kitu amekisahau aitafute mapema. Jambo jingine linalosahauliwa ni usimbaji wa diski: kompyuta mpakato nyingi mpya hufunga diski zake kwa BitLocker, na hata kama miradi yako iko salama kwenye D, baada ya Windows kuwekwa upya unaweza kudaiwa ufunguo wa kurejeshea ambao hukuwahi kuuandika popote. Na D yenyewe, ikiwa ni sehemu tu ya diski ile ile moja, hukulinda dhidi ya fundi anayefomati C lakini haikulindi diski nzima inapokufa.

Tofauti kati ya programu na programu

Si kila programu inastahili mjadala wote huu. EPANET, ambayo hutumika kukokotoa mitandao ya maji na inafaa sana kwa miradi ya maji ya mserereko ya Rungwe, Njombe na Makete, ni programu ya bure iliyotengenezwa na Wakala wa Mazingira wa Marekani, na kisakinishi chake ni kidogo kiasi cha kupita kwenye mtandao dhaifu. Kwa hiyo kuiondoa na kuiweka upya hakuna gharama ya maana. Cha kutunza ni mradi wa .net, na pamoja nao nakala ya .inp, kwa kuwa hiyo ya pili ni maandishi ya kawaida yanayosomeka hata kwa Notepad na yanayokubaliwa na programu nyingine za maji.

Maandishi ya kawaida yamewaokoa pia wahandisi wa majengo. ETABS huandika kando ya modeli ya .EDB faili nyingine yenye kiendelezi cha .$et, na SAP2000 hufanya vivyo hivyo kwa .$2k. Modeli ikigoma kufunguka, faili hiyo hunakiliwa, nakala ikapewa kiendelezi cha .e2k au .s2k, na kuingizwa kwenye programu kama data ya nje. Uchambuzi itabidi uendeshwe tena, lakini nguzo, mihimili na mizigo hurudi. Kwa STAAD.Pro, faili ya .std yenyewe ni maandishi tangu mwanzo. Anayenakili miradi yake kabla ya kusakinisha upya asizitupe faili hizi akidhani ni takataka za programu, kwani ndizo ndogo kuliko zote na ndizo zenye uhai mrefu.

Kwa QGIS, ambayo nayo ni ya bure, kusakinisha upya ni salama kwa sababu wasifu wa mtumiaji hukaa kwenye AppData na huachwa programu inapoondolewa. Mpima ardhi azingatie mfumo wa majiranukta. Mbeya, Njombe na mji wa Iringa zimo katika ukanda wa 36 Kusini wa UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani, na kwa Arc 1960, msingi wa vipimo vya ramani, namba ya utambulisho wa ukanda huo ni EPSG 21036. Lakini longitudo 36 inayotenganisha kanda hupita mashariki ya mji wa Iringa, na mradi unaofuata barabara kuu kuelekea Morogoro huingia katika ukanda wa 37. Ofisi nyingine hutengeneza mfumo wao wenyewe kwa ajili ya miradi ya namna hiyo, na mfumo uliotengenezwa kwa mkono hutunzwa katika faili ya qgis.db ndani ya wasifu. Aliyefuta wasifu kwa ajili ya usafi atafungua mradi wake na kukuta tabaka zimehamia mahali pengine.

Mafundi wa viwandani, kwa mfano katika viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, wakitumia TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandikia vidhibiti vya mitambo, wako katika hali ngumu kuliko wote. Kabla ya kufomati, leseni ihamishiwe kwenye flashi kwa kutumia Automation License Manager, na mradi ufungwe kama kumbukumbu kutoka ndani ya programu badala ya kunakiliwa ovyo. Wapo wanaojipa moyo kwamba programu ya mtambo wataisoma tena kutoka kwenye kidhibiti chenyewe. Kwa vidhibiti vya Siemens vya S7-300 na S7-400, kinachosomwa bila mradi wa awali hurudi bila maelezo wala majina ya alama, na kuisoma mantiki ya kiwanda kizima kwa anwani tupu ni kazi ya wiki.

Mahali ulipo

Aliyeko Mbeya mjini au Iringa mjini anaweza kupata mtandao wa kupakua gigabaiti nyingi usiku, na akishindwa kukarabati anaweza kuondoa programu bila wasiwasi. Aliyeko kwenye kambi ya mradi asiondoe programu kabla kisakinishi kamili hakijawa mkononi mwake, kwenye diski ya nje, kikiwa kimejaribiwa kufunguka. Kisakinishi kidogo kinachopakua vilivyobaki wakati wa kusakinisha hakihesabiki. Katika mazingira hayo, programu inayofanya kazi kwa kuchechemea ina thamani kuliko programu isiyokuwepo, na kurudisha mipangilio ya awali, kisha kukarabati, ndizo njia pekee ninazoweza kumshauri mtu azijaribu hadi atakaporudi mjini.

Kabla ya kufuta nakala

Njia yoyote utakayoichagua, nakili kwanza folda nzima ya mradi kwenye diski ya nje, na kwa AutoCAD tumia pia amri ya ETRANSMIT, ambayo hukusanya mchoro pamoja na fonti, picha na michoro mingine unaoitegemea. Kisha fungua nakala hiyo katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa popote haijulikani kama ni nakala.

Programu ikirudi, usianze na mradi mdogo. Fungua ule mkubwa kuliko yote, chapa karatasi moja kuwa PDF na uilinganishe na ile iliyochapwa kabla ya tatizo: unene wa mistari, herufi, nembo, vipimo. Kwa modeli ya jengo, endesha uchambuzi na ulinganishe mizigo ya chini ya nguzo. Kwa mtandao wa maji, linganisha shinikizo katika vituo viwili au vitatu unavyovijua. Folda zile zenye neno "zamani" zibaki zilipo hadi mradi mmoja upite hatua zote, kuanzia kufunguliwa hadi kukabidhiwa kwa mteja, ndipo zifutwe.